Mawe Niliyoyapanga Mwenyewe Kilimatinde

Ninyi vijana mliochukua kazi ya kutembeza wageni pale Kilimatinde mmeniomba niandike ninayoyakumbuka. Nimekubali, ila mjue shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililisoma nusu, kwa sababu ng'ombe wa baba hawakuwa na mtu mwingine. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Nikipotea njia mnisubiri, nitarudi.

Mimi ni Mnyaturu wa upande wa Ilongero. Kilimatinde nilifikishwa na beleshi. Nilikuwa kibarua wa barabara, enzi zile serikali ndiyo iliyokuwa tajiri wa kila mtu, na tulipelekwa Manyoni kutengeneza njia inayopanda kwenye ukingo wa bonde. Tulikuwa tunang'oa mawe kwa sururu, tunayabeba kwa karai, tunayatupa kando. Nyapara wetu alikuwa mtu wa kupenda unadhifu. Akisema mawe yapangwe, yanapangwa. Mahali pamoja, karibu na ile kona ya mkwaju, tulipanga lundo refu kama kitanda cha watu wanne, mimi na wenzangu, na karai moja lililotoboka nikalitupia humo ndani nikalifunika na mawe ili nisiulizwe limetobolewa na nani. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonitesa baadaye.

Nikaoa hapo hapo. Mke wangu ni Mgogo, na mkwe wangu alinipa binti yake huku akinitukana, maana Mgogo na Mnyaturu ni watani. Aliniambia, "Chukua, lakini usije ukambadilisha na kuku." Wanyaturu tunataniwa kwa kupenda kuku. Ningejibu, lakini siku ya kupewa mke mtu hajibu.

Halafu yakaja mabadiliko. Mashirika yakaanza kuuzwa, watu wakaanza kupunguzwa, na mimi nikawa katika waliopunguzwa. Walitusomea majina tukiwa tumesimama juani, jina langu likasomwa vibaya, nikasimama kimya nikidhani ni la mwingine. Si la mwingine. Nikarudi nyumbani na beleshi langu, nikalima uwele miaka miwili. Madukani siku zile vitu vikajaa, sabuni za kila rangi, na sisi tunazitazama.

Sasa katika mambo yaliyofunguliwa, na utalii ukafunguliwa. Kampuni za watu binafsi zikaanza kuleta wageni kwa Landrova. Wengi walikuwa wanapita kwenda kuona wanyama, lakini kuna aina ya Mzungu ambaye hataki mnyama, anataka vita ya zamani. Babu yake alipigana huku, au kasoma mahali. Na Kilimatinde, ninyi mnajua, iliwahi kuwa mji kweli. Mjerumani alikuwa na boma lake na askari wake. Misafara ilipita. Kisha reli ikapita chini, biashara ikahamia Manyoni, na mji ukabaki na heshima bila watu. Vita ile ya Mjerumani na Mwingereza ilipita hapo hapo, Mjerumani akatoka, Makaburu wakaingia na farasi wao waliokuwa wanakufa kwa mbung'o.

Aliyeniingiza katika kazi ni Mzee Masima, aliyekuwa tarishi wa boma tangu wakati wa Mwingereza. Kampuni ilimfuata yeye kwanza, kwa sababu alijua kila ukuta. Magoti yake yakagoma, akanipendekeza mimi. Siku ya kwanza alinipa fimbo yake na kofia yake, akanipitisha mji mzima kuanzia asubuhi mpaka jua la saa nane, na kila tukifika mahali alinilazimisha niguse. Gusa ukuta. Gusa kizingiti. Gusa reli iliyopachikwa kuwa boriti. Nikamuuliza, "Baba, nikishagusa?"

"Ukishagusa, sema. Usichogusa, nyamaza."

"Na Mzungu akiuliza?"

"Mwambie hujui. Mzungu hafi kwa kuambiwa hujui."

Alinifundisha na mambo mengine ambayo ninyi mnayadharau. Kutembea polepole kwa sababu wageni wanaona aibu kuomba kupumzika. Kusimama upande wa jua wewe mwenyewe, ili wao wasimame kivulini wakikutazama. Kutowaonyesha maganda ya risasi yote kwa mara moja, mfukoni unatoa moja moja. Kuangalia nyoka kwenye kuta kabla hujawaambia waguse. Mimi nyoka naogopa, sijawahi kumwambia mgeni, ila fimbo ile nilikuwa nagonga nayo ukuta kama mtu anayesisitiza maneno. Walidhani ni ufasaha.

Kiingereza sikuwa nacho. Kampuni ilimpa kila msafara mkalimani, na wa kwangu alikuwa Rehema, binti wa Dodoma, mwepesi wa maneno, mkali. Mimi naeleza, yeye anageuza. Mwanzoni aliniambia, "Baba Hango, fupisha, mimi siyo kinanda." Baadaye tukazoeana hata nikikohoa anajua ninataka kusema nini.

Sasa kosa langu. Msafara wangu wa nne au wa tano, tunapanda barabara, wageni wamechoka, mwanamke mmoja akasimama kwenye kona ya mkwaju akaonyesha lile lundo kwa kidole. Rehema akageuka. "Anauliza yale ni nini."

Nilipaswa kusema: yale ni mawe ya barabara, nimeyapanga mimi. Lakini fikiria. Nimevaa kofia, nina fimbo, nimetoka kuwaelezea boma na vita, halafu niseme mimi nilikuwa mbeba karai? Ulimi wangu ukasema wenyewe. "Mwambie hapo walizikwa wapagazi wa vita."

Rehema akawaambia. Yule mama akavua kofia. Wengine wakavua. Mzee mmoja wao akaokota jiwe akaliweka juu, kama ilivyo kwao sijui, na wote wakaokota. Mimi nikasimama pale nimeinamisha kichwa mbele ya karai langu bovu.

Ningeacha siku hiyo hiyo. Lakini wageni waliofuata walikuja wameshaambiwa na waliotangulia. "Yako wapi makaburi ya wapagazi?" Ndiyo kitu cha kwanza. Meneja wa kampuni akapiga picha, akaitia kwenye karatasi ya matangazo. Na kila msafara unaongeza mawe. Lundo langu la kazi likawa kubwa kuliko nilivyoliacha, na mimi nikawa nalisema vizuri zaidi kila mara. Niliwapa wapagazi homa. Niliwapa kiu. Mara moja niliwapa simba, Rehema akanitazama akakataa kugeuza.

Mzee Masima hakuwa anatoka tena. Habari zilimfikia, aliniita, akaniuliza, "Umeyagusa hayo makaburi?" Nikasema nimeyagusa. Haikuwa uongo, niliyabeba jiwe moja moja. Lakini hakunipa chai siku hiyo.

Ikapita miaka kama mitatu. Siku moja ya Jumatano, mwezi wa nane, vumbi jekundu na upepo, niko nyumbani narekebisha kiatu, mwanamke mzee sana akaingia uani na fimbo. Mgogo, masikio yametobolewa kwa namna ya zamani, amefunga kaniki. Nikasimama. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbukwa," akanisalimu na kwa Kigogo. Akakaa bila kukaribishwa, kwa sababu alikuwa amechoka. Alitoka Kintinku, huko chini bondeni, kwa lori mpaka njia panda na kwa miguu yaliyobaki. Akapewa maji na mke wangu, akanywa yote, akanitazama.

"Wewe ndiye yule Mnyaturu anayejua baba yangu alipolala?"

Kiatu kikaniponyoka.

Akaeleza. Baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, yeye akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Hakurudi. Hakuna aliyerudi na neno. Mama yake hakuwahi kunyoa nywele za msiba, maana alisema msiba wa nani, labda anakuja. Baada ya vita ikaja njaa ile kubwa ambayo wazee wanaiita Mtunya, na mama yake alikataa kuhama kutafuta chakula mpaka wakambeba kwa nguvu, kwa hofu kwamba mume akirudi atakuta nyumba tupu. Alikufa akiwa bibi, hajaolewa tena. Na sasa mjukuu wa huyu Bibi, anayesoma Manyoni, alileta ile karatasi ya kampuni yenye picha, akamsomea. Bibi jina lake Nyamwanji.

"Nipeleke," akasema.

Hapa ndipo ningesema. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, naye hajui chochote, ananitazama kwa fahari, mume wake anajua jambo la ukoo wa watu. Nikavaa kofia. Nikampeleka.

Alipofika hakulia. Aliweka kiganja juu ya jiwe, jiwe ambalo nakumbuka hata lilivyoniumiza kidole gumba, akaongea Kigogo taratibu. Kigogo nakijua, ni cha mke wangu. Alisema, "Baba, tumekuja. Tumechelewa, lakini hatukuambiwa." Kisha akanigeukia mimi. "Jumamosi nakuja na ukoo. Tutamtoa. Tutachukua hata mfupa mmoja tukamlaze kwa mama."

Nikasema, "Sawa, Bibi." Ndiyo niliyosema. Sawa.

Siku tatu zile sikula. Niliomba mvua inyeshe barabara ikatike, mwezi wa nane, Manyoni. Mtu akiomba mvua mwezi wa nane ujue amefika mwisho. Ijumaa Rehema alikuja kupanga msafara, nikamwambia ukweli wote, pamoja na karai. Alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Baba Hango, kwani ukinyamaza kuna ubaya gani? Wachimbe, wasikute kitu, useme udongo umekula mifupa. Miaka mingi ile. Bibi atapata pa kulilia."

"Watakuta karai."

"Karai si kitu."

"Karai lina alama ya serikali, Rehema. Ya serikali hii, siyo ya Mjerumani."

Akafikiri. "Basi nenda usiku ulitoe."

Na nakiri mbele yenu, nililifikiria. Beleshi lilikuwepo. Kilichonizuia si uchaji wa Mungu. Nilijiona nikiwa pale Jumamosi, Bibi anauliza baba yangu yuko wapi, na mimi namwambia ameliwa na udongo. Mama yake alikaa na tumaini la uongo mpaka kufa. Mimi nimpe binti msiba wa uongo. Nikaenda kwa Mzee Masima. Alikuwa kitandani, amegeukia ukuta. Nilimaliza kueleza, akasema bila kugeuka, "Ulipanga wewe. Pangua wewe. Na kanisalimie huyo mama."

Jumamosi walifika kabla jua halijawa kali. Lori zima. Wanaume na majembe, wanawake na vibuyu vya pombe ya mtama, mbuzi mmoja mweupe, na sanda ndogo mpya imekunjwa kwenye kapu, ndogo, ya kutosha mfupa. Hiyo sanda ndiyo iliyonimaliza. Mpwa wa Bibi, mtu wa miraba minne, akavua shati akashika jembe.

Nikapanda juu ya lundo. Mpwa akafoka, "Shuka juu ya wazee!"

"Hakuna wazee," nikasema. "Chini ya haya mawe hakuna mtu. Nimeyapanga mimi nikiwa kibarua wa barabara. Niliwadanganya Wazungu kwa sababu niliona aibu. Jumatano nilimdanganya na Bibi kwa kunyamaza. Kama hamwamini, ondoeni upande huu, mtakuta karai limetoboka."

Hawakuamini. Wakaondoa. Wakalikuta.

Mpwa alilishika lile karai, akalitazama tundu, akanitazama mimi kupitia tundu. Kisha akalitupa akaja. Nami sikukimbia.

"Mwache," Bibi akasema. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha. "Kabila gani huyu?"

"Mnyaturu," watu wakasema.

"Basi mwache. Mtani hapigwi msibani."

"Msiba gani shangazi, hakuna maiti!"

"Mimi nimekuja na pombe na mbuzi na nyinyi wote. Huu ni msiba. Mwache." Akanitazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee lakini nilihisi yananiona mpaka mgongoni. "Mnyaturu. Katika hayo unayowaambia Wazungu wako, liko la kweli hata moja?"

Nikafikiri. Vijana, niulizeni swali gani gumu niliwahi kuulizwa kazini, ni hilo. Nikapitia mji mzima kichwani, ukuta kwa ukuta.

"Liko, Bibi. Njia."

"Njia gani?"

"Waliyoshuka nayo. Ile ya zamani, siyo hii ya gari. Mama yake Mzee Masima aliwaona kwa macho yake, alikuwa msichana anateka maji. Walipita na mizigo kichwani asubuhi mpaka jua likawa kali, wakashuka bondeni. Alimwonyesha mwanawe mahali aliposimama, na mwanawe akanionyesha mimi. Nimepagusa. Walizikwa wapi sijui. Walifika wapi sijui."

"Walipita hapo wote?"

"Waliotolewa Kilimatinde, hapo. Ukingo hauna pengine pa kushukia na mzigo."

Tukaenda. Bibi tulimbeba kwa zamu, na mpwa wake akanilazimisha nichukue zamu mbili. Mnapajua mahali penyewe, lile jiwe bapa lililolika katikati kwa nyayo, na mbele yake bonde lote limelala mpaka Bahi, kijivu. Bibi alishushwa akakaa juu ya jiwe lile. Akashika mahali palipolika kwa vidole vyake vyote, kama anayepima kiatu. Kutoka hapo aliweza kuonyesha upande wa Kintinku, ilikokuwa nyumba ya mama yake. Akasema, "Kumbe alipita anatuona."

Hapo ndipo wanawake walianza kulia. Walilia kweli, kilio cha miaka yote ile, na mpwa yule wa miraba minne alilia kuliko wote. Nami nilitaka nirudi nyuma, nijifiche nyuma ya watu, Bibi akaniita. "Mtani unakwenda wapi? Kazi yako hujafanya."

Kwa asiyejua: msibani mtani ndiye anayemsema marehemu, ndiye anayewavunja wafiwa mbavu, na bila yeye msiba hauishi. Nikavua kofia. Nikasimama kwenye ukingo, nikapaza sauti kwenda bondeni.

"Wewe Mgogo! Mlenda wenu huo! Umeteleza ukapita nyumbani kwako bila kusimama! Mkeo kakuwekea ugali umepoa, umekauka, umekuwa jiwe, mimi nimeujengea barabara! Umemwachia mtoto mgongoni, leo mtoto ana meno mawili na bado unasema unakuja! Mjerumani kaondoka, Mwingereza kaondoka, hata serikali imenipunguza mimi kazi, wewe bado umebeba tu! Tua mzigo, mpumbavu wewe! Tua! Vita imekwisha!"

Bibi alianza kucheka. Alicheka mpaka kanga ya kichwani ikaanguka, machozi yanatiririka, anapiga jiwe kwa kiganja. "Mwambie! Mwambie tena atue!" Nikarudia. Ukoo mzima ukaitikia, tua, tua.

Walimwaga pombe juu ya jiwe. Mbuzi alichinjwa, nami nikapewa ngozi niibebe, kama adabu. Wakachota udongo kiganja kimoja pale kwenye njia, wakaufunga katika ile sanda, wakaenda nao Kintinku wakaulaza karibu na mama. Walipopanda lori mpwa alinishika mkono, akaubana mpaka mifupa ikalia, akasema, "Karai nimelichukua. Nitafugia kuku, si ndiyo mnapenda?" Ndipo nikajua nimesamehewa.

Meneja hakufurahi. Alisema lundo ndilo linalopendwa, nikasema basi atafute mtu mwingine wa kulisema. Rehema alisimama upande wangu. Alimwambia yeye hatageuza tena habari za lundo, mdomo wake umechoka. Kwa hiyo tuliendelea kupita pale kwenye mkwaju, na wageni wakiuliza nikawaambia ukweli: mawe ya barabara, nimeyapanga mimi, mengine mmepanga ninyi. Nilidhani watanidharau. Walicheka, na wengi waliomba kupigwa picha na mimi nimekaa juu yake. Kisha tukaenda kwenye njia.

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi baada ya hapo, mpaka magoti nayo yakafuata ya Mzee Masima, Mungu amrehemu. Yako mengi, yako ya nyuki kwenye boma, yako ya mgeni aliyepotea akakutwa anacheza bao sokoni. Mengine mtayaona wenyewe.

Ila msafara mmoja nauweka hapa. Ulikuwa mwaka uliofuata, baada ya mavuno. Bibi Nyamwanji alikuwa amepanda kukaa na mjukuu wake mwingine aliyeolewa hapa juu, na siku za upepo mdogo alipenda kuletwa akae kwenye jiwe lile, anachambua karanga. Nikafika na wageni. Nikamwamkia, nikaanza kueleza, akawa anasikiliza kama mkaguzi wa shule. Mgeni mmoja, kijana mwenye daftari, wa kuandika kila kitu, akamwuliza Rehema, na Rehema akanigeuzia.

"Anauliza walikuwa wangapi waliopita hapa."

"Mwambie sijui."

Akarudi tena. "Anasema hata kwa kukadiria."

"Sijui, Rehema. Mwambie Mzee Hango hajui."

Bibi akatema ganda la karanga. Akamwuliza Rehema yule mtoto wa Kizungu anataka nini, akaambiwa. Akamtazama kijana, akalitazama daftari.

"Mwambie mmoja alikuwa baba yangu," akasema. "Hao wengine akaulize kwao."

Rehema akageuza. Kijana akainama akaandika. Mimi kusoma kwangu ni kwa shida, lakini namba naijua, nikachungulia begani kwake. Alikuwa ameandika moja.